Namna ya Kuelewana na Familia ya Mzee Unayemtunza Nyumbani

Mhudumu anayeajiriwa kumtunza mzee aliyepatwa na kiharusi, hasa katika nyumba za Dar es Salaam ambako watoto hushinda kazini, huajiriwa na mtu mmoja lakini hujikuta akiagizwa na watano. Kwa hiyo, kabla hujashika kazi, iombe familia imteue msemaji mmoja, ili maagizo yote ya dawa na chakula yapitie kwake.

Siku hiyohiyo makubaliano yaandikwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, pamoja na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Hata hivyo, kwa jinsi nionavyo, ugomvi huanzia zaidi kwenye beseni la nguo za nyumba nzima. Sema mapema kwamba utafua shuka za mzee na kupika uji wake, na kwamba kazi nyingine za nyumba zina mtu wake.

Mtu anayehitaji busara kubwa ni binti aliyekuwa akimuuguza mzee kabla yako. Amechoka, lakini pia anajiona amenyang'anywa baba yake, na kila unalolifanya vizuri linaweza kumchoma kana kwamba ni lawama. Muulize binti huyo: mzee hulalia upande gani, hupenda uji mwepesi au mzito, na lile neno analolitamka kwa shida lina maana gani. Ukimkuta anamlisha akiwa amelala chali, hali inayoweza kumpalia, mwite pembeni umweleze namna ya kumkalisha, kisha mwachie kijiko aendelee mwenyewe. Suala la kuogeshwa mwulize mzee, kwa maneno au kwa ishara, kwa kuwa katika familia nyingi mkwe hawezi kumwogesha baba mkwe, na hata mtoto wa kumzaa huona haya. Aliyepoteza usemi huenda bado anaelewa kila kitu. Mwamkie, wala usimjadili na ndugu zake juu ya kichwa chake.

Weka daftari kando ya kitanda, uandike saa ya dawa, kipimo cha presha, alichokula na upande uliomgeuzia kila baada ya saa 2 hivi. Ukiona ngozi ya kiunoni imeanza kuwa nyekundu au kuchubuka, iandike na uiseme siku hiyohiyo, kwa maana kidonda kinachogunduliwa na mgeni wa Jumapili huvunja imani yote. Mdomo ukienda upande au mkono ukilegea ghafla, mzee apelekwe hospitali bila kusubiri kikao cha familia.

Usikubali kutunza namba ya siri ya kadi yake ya benki. Ukiombwa kushuhudia wosia (mirathi hujadiliwa mapema kuliko watu wanavyokiri), kataa kwa upole, na wakianza kuuzungumza, toka nje ukaanike shuka.