Somo: Kupasua mwamba kwa maji kwenye kisima kirefu kinachotoa kidogo

Granaiti ya Mwanza yenyewe haihifadhi maji. Maji hukaa kwenye nyufa, na nyingi zimezibwa na udongo wa mfinyanzi au unga wa uchimbaji. Ndiyo maana kisima cha mita 80 kinaweza kutoa lita 200 kwa saa huku cha jirani kinajaza tangi. Kupasua kwa maji, yaani kusukuma maji kwa shinikizo kubwa ili nyufa zifunguke, ni njia ileile ya visima vya mafuta, ila huku hatutii kemikali zaidi ya klorini.

Kabla ya yote, uliza kisima kilivyovishwa. Kama kina PVC hadi chini, pamoja na chujio na changarawe, acha. Pakeri (mpira unaovimbishwa ndani ya kisima ili kukiziba) itabana bomba badala ya mwamba. Maji yatatokea kwenye chujio na kupanda kwenye changarawe nyuma ya bomba, au bomba litapasuka. Pesa nyingi hupotea hapa. Kinachofaa ni kisima chenye keising (bomba la kuvisha kisima) ya chuma juu tu, iliyofungwa kwa saruji, na chini mwamba mtupu.

Hatua ya 1. Toa pampu, pima kina na kiasi kinachotoka. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika 4, hiyo ni lita 300 kwa saa. Andika.

Hatua ya 2. Chagua mahali pa pakeri: ukuta laini usio na ufa, angalau mita 12 chini ya mwisho wa keising, na kina kisipungue mita 20 kutoka usawa wa ardhi. Ukipanda zaidi unayafungulia njia maji ya vyoo, na huku milimani vyoo na visima vinabanana.

Hatua ya 3. Shusha pakeri kwa bomba la chuma, ivimbishe, kisha vuta kidogo uone kama imeshika. Usiidharau: kwenye shimo la inchi 6, shinikizo la bar 100 huisukuma juu kwa nguvu ya zaidi ya tani 18. Mtu asisimame mdomoni mwa kisima.

Hatua ya 4. Andaa lita 5,000 za maji safi yenye klorini, sukuma, macho kwenye geji (kipimo cha shinikizo). Itapanda, halafu itashuka ghafla, mara nyingi kati ya bar 35 na 140: ufa umefunguka. Usizime. Endelea dakika 10 hadi 20 ili maji yasukume udongo mbali. Geji ikipanda hadi mwisho wa uwezo wa pampu bila kushuka, hamisha pakeri. Maji yakitokea juu ya pakeri, tazama geji ya pakeri yenyewe: ikiwa imeshuka, mpira unavuja, ikiwa imetulia, maji yamezunguka kupitia ufa, basi shuka mita 3.

Rudia mita 20 chini zaidi, kwa kuwa mara ya kwanza maji yote hukimbilia ufa dhaifu kuliko zote.

Hatua ya 5. Punguza shinikizo taratibu, osha kwa kompresa hadi maji yatakate, pima tena.

MASWALI

Misungwi: Fundi, tutie mchanga wa kushikilia ufa usijifunge, kama kwenye visima vya mafuta?
Jibu: Kwenye granaiti si lazima. Kuta za ufa zikisogea hazirudi zilivyokaa, mabonge yake hushikilia uwazi. Mchanga utakula pampu.

Buswelu: Siku ya kwanza maji yalikuwa mengi, baada ya wiki mbili yamepungua. Shida nini?
Jibu: Huenda mlipima maji yenu wenyewe. Mkiingiza lita 4,000, anzeni kuhesabu baada ya kutoa zaidi ya hapo.

Igombe: Mkuu, cha kwangu kina PVC yote. Naweza kuing'oa?
Jibu: Ikishashikwa na changarawe hukatikia ndani. Jaribu kwanza kuosha chujio kwa kompresa. Ikishindikana, chimba kingine, na usisahau kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Safari hii mwambie mchimbaji asiweke PVC kwenye mwamba mgumu.