Kuunda na kupima seli ya haidrojeni inayojivutia hewa, kwa jua na vumbi la huku

Ukiipima mezani, kivulini, mlango umefungwa, kila seli ni nzuri. Shida inaanza ukiifungia ndani ya kiboksi cha sensa juu ya bati Dar saa saba mchana. Nazungumzia zile ndogo zinazotengeneza umeme kwa haidrojeni na oksijeni, zisizo na feni wala kompresa, upande wa kathodi (ule unaopokea oksijeni) uko wazi na oksijeni inaingia yenyewe. Haidrojeni unaimudu maana una regyuleta ya kurekebisha presha, ila hewa huna mamlaka nayo kabisa, kwa hiyo nguvu nyingi ya kupima ielekeze huko.

Tuanze na bamba la kathodi, lile lenye matundu. Ukitoboa sana hewa inaingia vizuri lakini chuma cha kukandamiza karatasi ya kaboni (ile inayopitisha hewa na umeme) kinapungua, rizistansi inapanda, ukitoboa kidogo seli inakosa pumzi. Mimi naanza na nusu wazi nusu chuma halafu nabadilisha kutoka hapo. Tumia grafaiti au stenlesi iliyopakwa dhahabu, shaba tupu achana nayo, ikiliwa na kutu ayoni zake zinaingia kwenye membreni, ule utando wa katikati ya seli unaopitisha protoni, na hazitoki.

Sasa maji, hapa ndo penyewe. Membreni ya Nafion (aina ya plastiki) ikikauka haipitishi protoni, ikizidiwa maji matundu yanaziba. Na seli yenyewe inatengeneza maji, ampea 1 kwa saa 1 ni kama gramu 0.34 kwa kila seli. Mvua za masika ukiwa unavuta umeme kidogo utaona vitone vimekaa kwenye matundu, mchana wa jua ukivuta mwingi inakauka. Zote mbili dalili ni ileile, volti inashuka, so utajuaje? Chukua feni ndogo ipulizie taratibu kwa dakika chache: volti ikipanda ilikuwa imelowa au imekosa hewa, mulika matundu na tochi uone kama kuna vitone, ikizidi kushuka basi ilikuwa inakauka na wewe unaikausha zaidi, zima feni.

Grafu ya volti na ampea ichukue hivi. Bila mzigo, yaani bila kifaa kinachovuta umeme, seli moja itakupa kama volti 0.9 hadi 1.0, ile 1.23 ya vitabuni usiisubiri. Ikiwa chini sana ya hapo tafuta uvujaji kwanza, maji ya sabuni yanatosha. Ongeza mzigo kidogo kidogo, kila hatua subiri volti itulie, hapa watu wanakimbiza mbio halafu wanapata grafu ya uongo, ukifika karibu 0.4 geuza urudi na hatua zilezile. Mstari wa kwenda na wa kurudi usipolingana ujue maji bado yanahama humo ndani, rudia. Joto na unyevu vipime pale kwenye matundu, sio ukutani. Angalia na matumizi ya haidrojeni, kila ampea kwa kila seli ni kama mililita 7 kwa dakika, ikizidi sana inavuja mahali. Na jamani, haidrojeni inawaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 hewani na moto wake mchana huuoni, kwa hiyo fungua madirisha na jiko lisiwepo karibu.

Mezani ikikubali, ipeleke kwenye boksi lake halisi. Isimamishe wima, au matundu yatazame juu, yakitazama chini hewa moto iliyokwisha oksijeni inanasa palepale. Boksi liwe na tundu chini na juu hewa ipande. Ukiweka chujio la vumbi pima likiwa jipya na pima likiwa chafu, maana chafu ndo utakaloishi nalo. Nairobi, karibu mita 1,800 juu, oksijeni inapungua kama moja ya tano kulinganisha na pwani, hesabu hilo mapema. Pwani nako kuna chumvi, sodiamu inakaa nafasi ya protoni kwenye membreni na kloraidi inaila platinamu, kile kichocheo cha seli. Moshi wa jenereta ya dizeli ni adui mwingine, salfa ikishaganda kwenye platinamu kuitoa ni kazi.

Kama upande wa haidrojeni umeuziba mwisho, gesi haina pa kutokea, naitrojeni inapenya kutoka kwenye hewa na kujazana humo pamoja na maji, volti inateremka polepole. Fungua valvu sekunde moja, ikiruka juu ndo hapo penyewe, pima inachukua muda gani kushuka tena upange ratiba, bomba la kutolea litokee nje ya boksi.

Jaribio ambalo wengi hawalifanyi ni kuizima wiki nzima halafu kuiwasha bila kuibembeleza. Itaanza dhaifu, membreni imekauka, ipe mzigo mdogo kwanza ijiloweshe yenyewe. Ukiiweka stoo ziba matundu kwa selotepu, na uandike juu ya boksi kwamba kuna selotepu.