Kuchagua gari la spoti la milango miwili, lililotumika, kwa nchi ya theluji

Wanaotafuta gari la aina hii huanza na nguvu za farasi, wakahamia kwenye rangi, na pesa zikishatoka ndipo wanauliza habari za matairi. Kazi yangu ni kulala chini ya magari ya watu kabla hawajalipa, na mimi hufuata mpangilio wa kinyume: matairi, kisha tumbo la gari, kisha mfumo wa kuvuta, na injini mwishoni. Injini mbovu hutolewa ikawekwa nyingine. Gari lililoliwa na chumvi, ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, halina dawa.

Hatua ya 1: Tenga pesa ya matairi kabla hujatazama gari lolote

Bei iliyo kwenye tangazo si bei kamili. Gari la spoti mara nyingi huuzwa likiwa na matairi ya kiangazi, mapana na yenye ubavu mfupi, na mpira wake huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Yaani hata theluji haijaanguka, lami kavu kabisa, gari tayari limeanza kupoteza mshiko. Theluji ikija, tairi la kiangazi jipya halina faida kuliko kuukuu.

Alama ya kutafuta ubavuni ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tairi lenye alama hiyo limepimwa kwenye theluji. Herufi M+S peke yake ni tamko la kiwanda kuhusu muundo wa meno tu, na Ujerumani iliacha kuzikubali kama ushahidi wa tairi la baridi baada ya Septemba 2024. Soma sheria ya mahali utakapoendesha: katika jimbo la Quebec, Kanada, matairi ya baridi ni lazima kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi.

Ushauri wangu ni kununua seti ya pili ya rimu, ndogo kwa inchi moja kuliko zilizokuja na gari, na tairi jembamba kidogo lenye ubavu mrefu zaidi. Tairi jembamba hupasua theluji likafika chini, na ubavu mrefu huokoa rimu kwenye mashimo yaliyofichwa na barafu. Mfano: gari lenye 225/45R17 (upana kwa milimita, ubavu kwa asilimia ya upana, rimu kwa inchi) linaweza kuvaa 205/55R16. Kipenyo cha tairi hizo mbili kinapishana kwa milimita mbili na kitu, kwa hiyo spidomita haitadanganya. Lakini hakikisha rimu ndogo inapita juu ya breki. Matoleo yenye breki kubwa za mbele hukataa rimu ndogo, na ni heri ulijue hilo kabla ya kulipa.

Magari kama Nissan 350Z na 370Z huvaa tairi pana zaidi nyuma kuliko mbele. Majira ya baridi weka saizi moja kote, mradi rimu ziingie sawasawa.

Muuzaji akikwambia "natoa na matairi ya theluji bure", piga magoti uyasome. Tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT, iliyochapwa ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3821 ni wiki ya 38 ya 2021. Pima na meno. Sheria za nchi nyingi huruhusu hadi milimita 1.6, ila tairi la theluji lililoshuka chini ya milimita 4 limekwisha kazi yake ya theluji, hata kama polisi hatakuuliza. Zawadi ya namna hiyo usiiongezee bei hata senti moja.

Hatua ya 2: Amua magurudumu gani yavute

Hapa ndipo mabishano yalipo, na mengi ni ya bure. Gari linalovuta kwa magurudumu yote hukusaidia kuondoka na kupanda mlima. Halikusaidii kusimama. Breki ziko kwenye magurudumu manne katika kila gari, na kinachosimamisha ni tairi. Nimeona magari mengi yenye fowili (yaani yanayovuta kwa magurudumu yote) mtaroni, na takriban yote yalikuwa yamevaa matairi yasiyofaa.

Yanayovuta kwa mbele: Honda Civic Si ya milango miwili, Honda Accord ya milango miwili (iliyoishia mwaka wa 2017), Scion tC, Toyota Celica, Volkswagen Scirocco, Peugeot RCZ. Uzito wa injini umekaa juu ya magurudumu yanayovuta, vyuma vya kuharibika ni vichache, na bei kwa kawaida ni ya chini. Kwa mtu anayeenda kazini na kurudi katika mji ambao barabara zinasafishwa, mimi huanzia hapa, ingawa najua si jibu ambalo wapenda spoti wanataka kulisikia.

Yanayovuta kwa yote: Audi TT quattro, Audi A5 quattro, BMW za xDrive, Infiniti G37x, Lexus RC yenye fowili, Porsche 911 Carrera 4 kwa mwenye uwezo. Haya yanafaa kweli kwenye vilima na barabara zinazochelewa kusafishwa, ila yana hatua yake ya ukaguzi hapa chini.

Yanayovuta kwa nyuma: Toyota 86, Mazda RX-8, Nissan za Z, Ford Mustang nyingi. Na Subaru BRZ! Kila mwaka nakutana na mteja anayeamini kwamba kwa kuwa ni Subaru lazima ivute kwa magurudumu yote. Haivuti. Ni pacha wa Toyota 86, nyuma tu. Magari haya yanaendesheka kwenye theluji kwa matairi mazuri, na difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili) yenye kizuizi cha kuzunguka ovyo inasaidia sana, lakini masharti yangu ni mawili: liwe na mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisiserereke, na dereva awe na subira ya mguu.

Mfumo huo ulianza kuuzwa mwaka wa 1995 kwenye Mercedes-Benz ya milango miwili ya daraja la S. Marekani uliwekwa kisheria kwa magari yote mapya madogo kufikia modeli za 2012, na Ulaya kwa magari yote mapya kufikia Novemba 2014. Kwa gari la kabla ya hapo, usidhani, angalia kitufe na taa yake. Audi TT za mwanzo kabisa zilitoka bila mfumo huo. Baada ya ajali za mwendo kasi kiwanda kiliziita, zikafungwa mfumo na kibawa kidogo cha nyuma. Ukikutana na TT ya zamani isiyo na kibawa, dai karatasi.

Jambo moja linasahauliwa: kimo. Magari haya hukaa sentimita 12 hadi 14 kutoka ardhini. Theluji ikizidi hapo tumbo linaikalia, magurudumu yanapoteza uzito wa kukanyagia, na hata fowili haikutoi. Kama mtaa wenu husafishwa siku ya pili yake, kubali kwamba asubuhi kadhaa gari litabaki nyumbani. Na gari lililoshushwa springi, achana nalo.

Hatua ya 3: Ingia chini ya gari

Usinunue gari la nchi ya chumvi bila kulinyanyua. Muuzaji akikataa lisipandishwe kwenye jeki ya gereji, umeshapata jibu lako, shukuru uende.

Chukua tochi, sumaku na bisibisi butu. Anza na vizingiti chini ya milango, hasa ile mikunjo ambapo jeki huwekwa. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, bati lililooza hutoa sauti ya debe lenye mchanga. Pitisha sumaku kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. Pasiposhika, kuna pati (kijazio cha kuziba mashimo) chini ya rangi, isipokuwa bodi yenyewe ni ya alumini. Audi TT ya kizazi cha pili, iliyoanza 2006, ina asilimia 69 ya alumini na nyuma yake ni chuma, kwa hiyo fahamu unagusa nini kabla ya kumshutumu mtu.

Kisha paipu za breki. Hizi ndizo ninazozitazama kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu hupita juu ya tumbo ambako tope la chumvi hukaa na maji hayafiki. Kutu ya juujuu ya rangi ya chungwa inavumilika. Paipu iliyovimba na kumenyeka maganda ni ya kubadilishwa, na mara nyingi ukigusa moja zote zinafuata. Fuata vivyo hivyo paipu za mafuta hadi kwenye tangi.

Malizia na fremu ndogo ya nyuma inayobeba difu na amu, vikombe vya springi, na mahali shokapu zinapofungwa ndani ya buti. Inua zulia la buti. Maji kwenye kisima cha tairi la akiba, au alama za maji, maana yake lastiki za taa au za mfuniko zimekufa, na kutu inafanya kazi kutokea ndani.

Tumbo lililopakwa rangi nyeusi mbichi, linalong'aa, kwenye gari la miaka kumi, linanitia shaka kuliko tumbo lenye kutu kidogo ninayoiona. Hata "lililala gereji yenye joto kila siku" si sifa kama wanavyodhani: chumvi yenye unyevu hula chuma haraka zaidi kwenye joto kuliko kwenye baridi kali. Gari lililotoka mkoa usiomwaga chumvi, hata likizidi bei, ndilo rahisi mwisho wa hesabu. Thibitisha kwa historia ya namba ya chesisi, ile ya herufi na tarakimu 17.

Hatua ya 4: Liwashe likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono kwenye boneti. Likiwa vuguvugu, rudi siku nyingine. Washa, sikiliza sekunde za mwanzo: mlio wa minyororo, moshi wa bluu, injini inayosita. Angalia taa za ABS (breki zisizofunga magurudumu) na injini zinawaka swichi ikifunguliwa kisha zinazima. Taa isiyowaka kabisa huenda imezimwa na mtu kwa makusudi. Chomeka kifaa cha kusoma kompyuta: kama majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yanaonyesha hayajakamilika, huenda kuna mtu amefuta makosa hivi karibuni.

Mazda RX-8 ina tabia yake. Ukiiwasha baridi na kuizima mara moja, hata kuisogeza tu uwanjani, inaweza kujaa petroli ikakataa kuwaka. Injini yake ya kuzunguka, isiyo na pistoni za kawaida, ipimwe mgandamizo kwa kipimo chake maalumu. Bila majibu ya kipimo hicho, mimi huwaambia wateja waache.

Betri ipimwe kwa ampea za baridi, zile zinazohesabiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Maji ya redieta yawe na mchanganyiko sahihi wa dawa ya kuzuia kuganda. Nusu kwa nusu huhimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Hita itoe joto kweli, na nyaya za kioo cha nyuma zifute ukungu wote. Kioo cha nyuma cha magari haya ni kidogo na kimelala, ukungu ukibaki huoni kitu.

Hatua ya 5: Jaribu fowili, kama ipo

Pima meno ya matairi yote manne kwanza. Yakipishana zaidi ya milimita 2, mfumo umekuwa ukilazimishwa kufanya kazi muda wote, na gia boksi ya kugawa nguvu kwenye BMW za xDrive haipendi hilo hata kidogo. Kisha kata usukani hadi mwisho kwenye lami kavu, zunguka polepole. Gari likishtuka-shtuka au likijivuta kama breki imeshika, kuna gharama inakusubiri.

Kwenye Audi TT, nguvu za nyuma hupitia klachi ya Haldex, yenye mafuta yake ya kubadilishwa. Wengi hawajui kwamba ipo. Ikifa, gari linaendelea kutembea vizuri kabisa kwa magurudumu ya mbele, na mwenyewe hatambui hadi theluji ianguke. Liweke kwenye changarawe au majani yenye maji, ondoka kwa nguvu kidogo, na mwenzako atazame nje kama ya nyuma yanakanyaga.

Hatua ya 6: Vioo vya milango

Mengi ya magari haya yana vioo visivyo na fremu. Katika mengi yake, ukivuta kitasa, kioo hushuka milimita chache ili kitoke kwenye lastiki. Kikigandishwa na barafu hakishuki, na ukilazimisha mlango unararua lastiki au kuua mota. Fungua na kufunga kila mlango mara kadhaa utazame kioo kinashuka na kurudi. Kilicholegea kitapiga kelele na kuingiza maji. Ukishalinunua, paka lastiki silikoni kabla ya baridi.

Hatua ya 7: Endesha, kisha zungumza bei

Barabara mbovu kwanza, usikilize miguu ya gari, yaani springi na shokapu. Kisha funga breki kwa nguvu mahali salama usikie ABS ikipiga chini ya mguu. Kama kuna uwanja mtupu wenye theluji, bora zaidi: piga kona polepole, ongeza mafuta kidogo, uone mfumo wa kuzuia kuserereka unakata nguvu kabla nyuma haijakupita.

Kwenye bei, andika orodha: matairi, rimu, paipu, betri, mafuta ya difu. Toa jumla yake kwenye bei ya tangazo. Magari yanayovuta kwa nyuma wauzaji wake hulegea baridi inapokaribia, kwa hiyo usiwe na haraka mwezi wa Oktoba.

Ukishalipa, safisha tumbo, likauke, lipuliziwe mafuta ya kuzuia kutu kabla ya chumvi ya kwanza. Na ukifunga rimu za baridi, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100.