Pawatila au trekta dogo la magurudumu manne?

Anza na udongo kabla ya bei. Katika majaruba ya mpunga, kama yale ya Mbarali au Kilombero, pawatila, yaani trekta la mkono la magurudumu mawili, yenye injini ya silinda moja na nguvu za farasi 12 hadi 16 hufanya kazi vizuri, kwa kuwa uzito wake, ambao kwa kawaida haufiki nusu tani, hauizamishi topeni, hasa ikifungwa magurudumu ya chuma. Trekta dogo lenye uzito unaozidi tani moja linaweza kukwama hapo hapo, na likipita mara nyingi wakati udongo bado una majimaji, huushindilia.

Kwenye shamba lisilotuamisha maji, lenye udongo mgumu, hesabu hugeuka. Huko uzito ndio unaoyapa magurudumu mshiko. Pawatila itarukaruka na kukwaruza juu juu huku mikono ya mwendeshaji ikifa ganzi, ilhali trekta litazamisha jembe la sahani.

Kisha angalia ugumu wa mtambo. Pawatila nyingi huwashwa kwa hendeli na kupitisha nguvu kwa mikanda, ambayo fundi wa kijijini huibadilisha kwa spana za kawaida. Trekta lina haidroliki, yaani mfumo unaoinua jembe kwa msukumo wa mafuta, nayo haivumilii mafuta machafu. Ukinunua lililotumika, inua jembe, zima injini, utazame: likishuka haraka, mfumo unavuja ndani. Kama filta na sili zake (vizuizi vya kuvuja kwa mafuta) hazipatikani karibu nawe, mimi ningechukua pawatila.