Kutuliza mwangwi wa dari kwenye chumba cha muziki bila paneli kukudondokea

Wadau, hii ni kwa wale wenye spika nzuri kabisa halafu wanashangaa mbona sauti ya mwimbaji haikai katikati, imetapakaa tu. Juzi nilikuwa namfungia jamaa yangu hapa Dar, nyumba ya kawaida, bati, dari ya jipsamu, chini tailizi, na maswali yake ndo yaleyale ninayoulizwaga kila siku, kwa hiyo bora niandike.

Jambo moja kabla hujatoa hela: paneli hizi, yaani fremu za mbao zenye sufi nene ndani na kitambaa juu unazoning'iniza darini, zinameza mwangwi wa humohumo chumbani. Hazizuii kelele za mvua kwenye bati wala jirani kusikia besi lako, hiyo ni kazi nyingine na bajeti nyingine kabisa.

Hatua ya 1: tafuta sehemu ya kuning'iniza paneli

Kaa pale unapokaaga kusikiliza, mtu apande ngazi atelezeshe kioo kidogo kikiwa kimelala bapa kwenye dari, atoke usawa wa spika kuja kwako. Pale utakapoiona twita (ile spika ndogo ya sauti za juu) ndani ya kioo, weka alama ya penseli. Halafu spika ya pili. Kama twita na sikio lako viko kimo kimoja, alama inaangukia katikati ya njia, hata futi kamba inatosha.

Kwa nini hapo tu na sio dari nzima? Chukua dari ya mita 2.7, sikio na twita mita 1 kutoka chini, spika iko mita 2.4 kutoka ulipo. Sauti inayogonga dari kwanza inatembea kama mita 4.2, inafika imechelewa milisekunde 5 hivi. Huwezi kuisikia kama mwangwi uliojitenga, ila inagongana na ile ya moja kwa moja na baadhi ya masafa yanafutana, la kwanza karibu hezi 100, linalofuata kwenye 290 na kitu, na kuendelea. Ukifunika dari nzima chumba kinakufa, usifanye.

Hatua ya 2: vifaa

Trei za mayai sahau, ni karatasi nyembamba tu. Yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na TV nayo hapana, hewa haipiti humo kwa hiyo hayanyonyi kitu, na yakishika moto ni balaa. Sponji ya godoro inawaka pia, mi siweki juu ya kichwa cha mtu. Tafuta rokiwuli (sufi ya mawe), ile slabu ngumu ya kilo 50 mpaka 60 kwa mita moja ya ujazo, unene sentimita 10. Waulize wanaofunga mabomba ya boila. Ukibana hela ukaweka nyembamba utapunguza sauti za juu tu, chumba kinakuwa kizito na uchafu wa sauti za katikati unabaki palepale.

Hatua ya 3: fremu

Mbao za inchi 1 kwa 4 zenye dawa ya mchwa, fremu ya sentimita 60 kwa 120, skrubu na gundi, sio misumari. Kitambaa weka mdomoni upulize, hewa ikipita na sauti inapita. Kanga nyingi zinafaa. Funika mbele na nyuma ili nyuzi zisidondoke. Glavu, barakoa na mikono mirefu, la sivyo utajikuna usiku kucha.

Hatua ya 4: kuning'iniza

Hapa ndo muda unakoishia. Paneli moja na fremu yake ni kilo 8 hivi, na jipsamu yenyewe haishiki skrubu. Fundi akikwambia "itakaa tu bosi", mwambie ashuke ngazi.

Unatafuta blandaring, zile mbao zilizoshikilia jipsamu kwa juu. Chukua sumaku ndogo uitembeze kwenye dari taratibu, itanasa kwenye vichwa vya skrubu vilivyofichwa na skimu (plasta laini ya kumalizia), bandika tepu kila iliponasa mpaka upate mstari. Halafu hakikisha kwa biti nyembamba: ukitoka unga mweupe tu na biti ikazama, hapo ni hewa, ukitoka unga wa mbao umepata. Mstari usipolingana na alama yako ya penseli, sogeza paneli upana wa kiganja, afadhali hivyo kuliko kuamini jipsamu.

Kama waliweka chaneli za chuma badala ya mbao, usifunge humo, ni bati jembamba. Panda kwenye tundu la dari asubuhi mapema kabla bati halijawaka, zima swichi kuu maana nyaya zimelala hovyo huko juu, kanyaga kenchi tu, laza mbao ya 2 kwa 4 kutoka kenchi hadi kenchi na ndoano zako ziingie humo. Wa ghorofani wenye zege watumie bolti za kutanuka, plastiki sizitaki maana mzigo unavuta chini moja kwa moja. Na usitoboe kwenye njia ya bomba la waya kati ya taa na swichi.

Ndoano nne za jicho lililofungwa, mnyororo, sio kamba, kamba inalegea paneli inakaa upande. Kabla ya kupandisha, ning'iniza dumu la lita 10 la maji kwenye kila ndoano ulale, uangalie asubuhi. Acha sentimita 10 kati ya paneli na dari, hilo pengo linafanya rokiwuli ileile inyonye sauti za chini zaidi bila kuongeza senti.

Pangaboi sasa. Mara nyingi iko palepale unapopataka. Mi naitoa, nanunua feni ya kusimama, basi. Ukigoma kuitoa, weka paneli mbali na mapanga na kitambaa ukivute kweli, la sivyo kitakuwa kinapepea katikati ya wimbo.

Hatua ya 5: pima

Room EQ Wizard, programu ya kompyuta ya kupima sauti ya chumba, ni ya bure, ukiwa na maikrofoni ya kupimia angalia ile grafu ya muda, kilele cha kwenye milisekunde 5 kinatakiwa kishuke. Huna maikrofoni, piga kofi: ukisikia bado mlio unaotetemeka, dari iliyobaki na tailizi zinarushiana sauti, tandika zulia. Besi linalovuma kwenye kona halitatoka kwa paneli hizi, hilo linataka mitego ya besi, yaani paneli nene za konani.