SOMO: Kupogoa nyanya za nje, Arusha na Moshi (soma yote kabla hujauliza)

Wakuu, swali ni lile lile kila msimu: "Nyanya zangu zimekuwa kichaka, nikate wapi?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa hapa. Nazungumzia shamba la wazi. Wenye mabanda ya nailoni mna utaratibu wenu.

1. Jua una aina gani. Fupi ni kama Tanya, Rio Grande, Cal J na Roma VF: shina likifika kimo chake linaishia kwenye maua, halipandi tena. Ndefu ni kama Money Maker, Marglobe na Anna F1: zinapanda mpaka zichoke. Miche umepewa na jirani na jina hulijui? Hesabu majani. Kwenye ndefu, kutoka kichala kimoja cha maua hadi kingine mara nyingi kuna majani matatu. Kwenye fupi ni moja au mawili, kisha kilele chenyewe kinageuka maua. Ushauri wangu: huku juu mlimani kwenye umande na ukungu, weka ndefu kwenye fito ili hewa ipite. Tambarare kama Kahe, jua kali na fito za kununua, fupi inatosha.

2. Hamisha miche ikiwa na majani manne hadi sita. Nafasi sentimita 60 kwa 50.

3. Chomeka fito siku ile ile ya kupanda. Ukichelewa unachoma mizizi.

4. Funga kwa kamba ya katani, legeza. Shina litanenepa.

5. Kupogoa. Hapa ndipo watu wanapoharibu, someni taratibu.

Kinachotolewa ni chipukizi la kwapani, pale jani linapokutana na shina. Kichala cha maua hakitoki kwapani, kinatoka kwenye shina lenyewe katikati ya majani, usije ukavunja mavuno yako. Chipukizi likiwa na urefu wa kidole, likunje huku na huku, linakatika lenyewe bila kisu. Baki na shina moja. Ukitaka mawili, acha chipukizi lililo chini tu ya kichala cha kwanza, hilo ndilo lenye nguvu.

USIPOGOE FUPI. Matunda yake yanabebwa na matawi hayo hayo unayoyaita uchafu. Toa yaliyo chini ya kichala cha kwanza, basi, ondoka shambani. Ukiisafisha kama Anna utachuma vichala vichache halafu mmea umekwisha, utabaki unatazama fito. Najua ninachosema.

Usikate kukiwa na umande au manyunyu. Subiri kama saa nne, majani yakauke, kidonda kipate jua. Ukipita na mikono iliyolowa unagawa magonjwa mstari mzima.

Chipukizi likizidi unene wa penseli, usiling'oe. Kata kilele chake, acha majani mawili.

Usivue majani yanayofunika matunda. Jua la Januari na Februari linababua nyanya: doa jeupe, ngozi inakuwa kama karatasi, na dalali wa soko la Kilombero, Arusha, atazisukumia kwenye masalo, yaani mabaki yasiyo na bei.

Kibarua anayevuta sigara au kunusa ugoro anawe kwa sabuni kwanza. Virusi vya batobato, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, vinakaa kwenye tumbaku. Kuchovya vidole kwenye maziwa nako kunasaidia.

6. Majani ya chini yasiguse udongo. Tandaza nyasi kavu au majani ya mgomba.

MASWALI

Dogo_Sakina: Mkuu nyanya zangu zimekuwa kichaka, nikate wapi?

Mleta somo: Namba 5.

Dogo_Sakina: Ni Rio Grande lakini.

Mleta somo: Basi usikate. Umesoma kweli?

Mangi_wa_Kibosho: Hii ya kuacha fupi sikubaliani nayo. Mimi napogoa Tanya zangu na nyanya zinakuwa kubwa.

Mleta somo: Kubwa, ndiyo, hilo sikatai. Hesabu makreti. Mwaka huu acha mstari mmoja bila kuugusa, upime, kisha uje tubishane.

Mama_Kiboriloni: Kaka, samahani kwa kukusumbua. Chipukizi nililotupa limedondokea pembeni ya mfongo (mfereji wa kumwagilia), naona limetoa vizizi vyeupe. Naweza kulipanda?

Mleta somo: Hujanisumbua dada, swali zuri. Unaweza kabisa. Chagua chipukizi la urefu wa sentimita 15 hivi, toa maua na majani ya chini, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu kivulini au kwenye chupa ya maji. Wiki moja au mbili lina mizizi. Linatoka sawasawa na mama yake, kwa hiyo hata kwa F1, yaani chotara, ni njia ya kuongeza miche bila kununua mbegu. Sharti moja: mama awe mzima. Mwenye batobato anakupa watoto wenye batobato.

Mama_Kiboriloni: Asante sana kaka. Na hizi zinazooza kitako? Nimepiga dawa ya ukungu haijasaidia chochote.

Mleta somo: Haitasaidia, hilo si ukungu. Kitako cheusi ni tunda kukosa chokaa, yaani kalsiamu, na mara nyingi sababu ni maji ya kusuasua: leo mafuriko, wiki nzima ukame. Mmea hauwezi kuifikisha kwenye tunda. Punguza pia urea.

Kijana_Tengeru: Kwetu zamu ya mfongo ni mara moja kwa wiki, tulitandaza majani ya mgomba mazito na kitako kikapungua. Niongeze jingine: machipukizi mnayokata msiyaache kati ya mistari, kanitangaze, yule kiwavi wa nyanya, anamalizia kukua humo humo. Sisi tunafunga kwenye mfuko mweusi tunaanika juani.

Mleta somo: Safi, hilo nililisahau. Mfuko usiwe na tundu.

Dogo_Sakina: Mkuu nimeshakata mbili, zitapona?