Nukuu zinapogongana: rejeksi ya HTML ndani ya PHP

Tuseme una ukurasa wa bei za korosho Mtwara; kiungo kimoja kimeandikwa href="masasi.html", kingine href='newala.html', nawe unataka kutoa anwani zote mbili kwa rejeksi (muundo wa kutafutia maandishi) katika lugha ya programu ya PHP. Funga rejeksi yako kwa nukuu moja ('). Nukuu moja iliyo ndani itanguliwe na mkwaju wa nyuma (\). Nukuu pacha (") iache ilivyo:

preg_match_all('~href=(["\'])(.*?)\1~i', $html, $m);

Hapo \1 ina maana ya nukuu ileile iliyofungua. Anwani utazikuta kwenye $m[2]. Mkwaju ulio kabla ya nukuu ni wa PHP. Rejeksi yenyewe nukuu haziisumbui. Ukifunga kwa nukuu pacha, mambo hubadilika: " ndiyo itakayohitaji mkwaju, na \1 hugeuzwa herufi isiyoonekana, hivyo hupati kitu wala onyo. Andika \\1. Alama ~ mwanzoni na mwishoni inakuokoa kuwekea mikwaju kila / ya </a>. HTML ikivurugika mno, tumia DOMDocument (zana ya PHP ya kusoma HTML) tu.